Seva ya Ofisi Yetu Sasa Inaendeshwa na Debian

Kwa miaka mingi ofisi yetu ndogo ya mizigo hapa Lamu, hatua chache kutoka gatini, ilitegemea Windows Server 2012 R2, mfumo wa Microsoft wa kuendesha seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine. Microsoft ilipokoma kuitolea marekebisho ya usalama ya bure mwezi Oktoba 2023, ilinilazimu kuchagua kati ya kununua leseni mpya, ya seva pamoja na za watumiaji, na kuhamia programu huria. Nilichagua Debian, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na Samba, programu ya kushiriki faili iliyoanzishwa na Andrew Tridgell, ambayo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012 inaweza kusimamia watumiaji na nywila zao kama ifanyavyo Active Directory, huduma ya Microsoft ya kazi hiyo.

Kuhamisha faili ilikuwa kazi ya usiku mmoja. Kilichonisumbua ni saa. Asubuhi ya kwanza karani wetu wa hesabu aliniita: "Kaka, nywila ni ile ile, mbona inanikataa?" Nilipotazama pembeni mwa kioo chake nikaona kompyuta iko nyuma kwa dakika 7, ilhali Kerberos, inayothibitisha watumiaji, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Samba yenyewe haigawi saa, kwa hiyo niliweka chrony, programu ya kulinganisha saa, kwenye seva ili mashine zote ziifuate.

Nakala za faili huchukuliwa kila usiku kwa rsync, programu ya kunakili faili, na diski yake naipeleka nyumbani kila Ijumaa, maana hewa ya chumvi hapa ufukweni inakula chuma upesi mno.