Kadi Mbili Mezani: Safari ya Tskaltubo

Oktoba 2019 nilipanda marshrutka, ndiyo daladala ya Georgia, kutoka kituo cha Didube jijini Tbilisi kwenda Kutaisi. Ni mwendo wa kama saa nne. Tulipofika Surami dereva alisimama, abiria wakashuka kununua nazuki, mkate mtamu wa mdalasini na zabibu kavu unaookwa kando ya barabara. Nilinunua miwili. Mmoja niliula ungali moto. Wa pili rafiki yangu Mgeorgia akanizuia: "Huko tuendako hatuingii mikono mitupu." Hapo nikajiona kama niko kwetu.

Tulikuwa tunakwenda Tskaltubo, nje kidogo ya Kutaisi. Enzi za Usovieti wafanyakazi walipelekwa huko kupumzika na kuoga maji vuguvugu ya chemchemi. Hata Stalin alikwenda. Georgia ilijitangazia uhuru Aprili 1991, na kabla haijakaa sawa, mwaka 1992 vita vikazuka Abkhazia, jimbo lake la pwani lililotaka kujitenga. Sukhumi, mji mkuu wa jimbo hilo, ulipoanguka mikononi mwa waliotaka kujitenga tarehe 27 Septemba 1993, Wageorgia zaidi ya 200,000 walikuwa wamekimbia au wanakimbia, wengine kwa miguu kupitia milima ya Svaneti. Theluji iliwakuta njiani, na baridi ikaua. Nchi changa, haina hela, ikawapa paa lililokuwepo: hoteli, shule, na nyumba hizi za mapumziko.

Mimi nimekulia Kasulu. Mkimbizi ninayemjua ni wa kambi ya Nyarugusu: turubai, foleni ya mgao, kibali cha kutoka kambini. Kwa hiyo majengo ya Tskaltubo yalinichanganya. Nguzo nyeupe ndefu kama za ikulu, na kati ya nguzo na nguzo kamba za nguo. Roshani zimezibwa kwa mbao na vioo vya kuokoteza. Bomba la bati la jiko la kuni limetokeza dirishani, ukuta juu yake mweusi tii. Ukumbini sakafu ya mbao imeng'olewa, imebaki zege. Miaka ile umeme ulikuwa wa shida, rafiki yangu akanieleza, watu wakachoma kilichopatikana.

Mama aliyetupokea alikuwa wa umri wa bibi yangu. Shikamoo ilinijaa mdomoni, nikaishia kuinamisha kichwa. Alitukatia ule mkate, akachemsha kahawa, kisha akaweka kadi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Ya kwanza ya uraia. Ya pili ya devnili, yaani aliyefukuzwa kwake. Sheria ya Georgia hailichanganyi neno hilo na ltolvili, mkimbizi aliyetoka nchi nyingine.

Ltolvili nilikuwa nimekutana na habari zao wiki iliyotangulia, kijijini Duisi, bonde la Pankisi. Maelfu ya Wachecheni, waliokimbia vita kwao Chechnya upande wa Urusi, waliingia huko mwaka 1999, mwaka uleule Georgia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Walipokelewa kama kundi, wengi wakalala kwa Wakisti, ndugu zao wa lugha na dini. Anayefika siku hizi huomba hifadhi peke yake kwa idara ya uhamiaji ya wizara ya mambo ya ndani, anahojiwa, na jibu linatakiwa ndani ya miezi sita, ingawa muda huo unaweza kuongezwa. Akikataliwa, anakwenda mahakamani.

Mama huyu hana ombi la kuandika. Kwa sheria ya nchi yake hajavuka mpaka, maana Abkhazia ni Georgia. Anapiga kura, anasafiri bila kibali, na mwaka ule wa 2019 alikuwa anapokea lari 45 kwa mwezi, kama dola 15. Kijana wa Nyarugusu angemwonea wivu, na angekuwa na haki. Lakini kijana huyo ana mtu wa kumsikiliza akiuliza lini atahamishiwa nchi nyingine. Mama hana wa kumuuliza lini atarudi Sukhumi.

Mjukuu wake wa miaka tisa naye ana kadi ya devnili, karithi kwa wazazi. Amezaliwa hapahapa, bahari ya Sukhumi anaisikia tu kwa bibi yake.

Giza lilipoingia ndiye aliyetusindikiza. Ngazini hakuna taa. Alinishika mkono akawa anahesabu kwa sauti, na kila palipovunjika alinivuta pembeni, ya saba, ya kumi na nne, ya kumi na tano, bila hata kuangalia chini.