Kwani kokwa ina miguu?

Leo Alhamisi na swali la Bibi la Jumapili bado linanilia masikioni. Miaka tisa nafundisha hesabu, nimekuja kunyamazishwa na kokwa ya tende.

Mnanijua, watu wakishiba tu mimi naleta fumbo. Nikafudikiza vikombe vitatu vya kahawa kwenye sinia, kokwa chini ya kimoja. Bibi akagusa cha kushoto. Nikafunua cha kati, kitupu. "Haya Bibi, unabaki hapo au unahamia cha kulia?" Akabaki. Nikamwambia ahame, maana akihama ana nafasi mbili katika tatu. Akanitazama juu ya miwani.

"Vimebaki viwili, na kokwa iko palepale ilipokuwa. Kwani kokwa ina miguu?"

Shangazi Zuhura alicheka hadi akapaliwa na chai. Nikaanza kutaja sehemu na asilimia, sauti inapanda, najisikia kama mtoto aliyekariri. Kufunua cha kushoto, kokwa hii hapa! Nikaishiwa maneno.

Nimejiliwaza na yaliyotokea Marekani. Mwaka 1990 mwandishi wa safu ya maswali, Marilyn vos Savant, alitoa jibu hilihili kwenye jarida la Parade, barua kama 10,000 zikammiminikia, karibu 1,000 za wenye shahada za uzamivu, nyingi zikimwambia kachemsha. Hata Paul Erdős, mwanahisabati yule, hakukubali mpaka alipoonyeshwa majaribio ya kompyuta. Sasa Bibi ana kosa gani?



Jana usiku nilicheza na Sele, mara 30 bila kuhama, mara 30 kwa kuhama. Akapata 11, kisha 19. Asubuhi nikampelekea Bibi karatasi. Hata hakuigusa, alikuwa anachambua mchele.

"Siku ile ulipofunua cha kati, ulijua hakina kitu?"

"Nilijua Bibi, si mimi niliyeficha?"

"Alaa! Basi hukufunua hivihivi. Ningekuwa nimekosea, ungekikwepa chenye kokwa."

Siku nne nalitafuta hilo neno, "ungekikwepa". Mara mbili katika tatu mkono wake unakosa mwanzoni, na kila ukikosa, kile ninachokikwepa ndicho chenye kokwa. Nilitamani nimbebe nizunguke naye ua mzima.

Ila alipoinuka na ungo wake alishika ukuta, akasimama kidogo macho kafumba. Nikaenda kuangalia kopo lake. Vidonge vya presha vimebaki viwili, na duka la dawa la hapa mtaani halijafunguliwa tangu Jumatatu.