Picha yangu imenirudia, lakini maneno si yangu

Jana usiku kundi la WhatsApp la mtaa lilikuwa linawaka moto. Nafungua, nakutana na picha yangu mwenyewe! Malori ya jeshi, magunia ya korosho. Niliipiga hapa Mtwara mwishoni mwa 2018, msimu ule Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kusomba. Chini imeandikwa: "Mtwara leo asubuhi, sambazeni."

Tena wameikata. Pembeni alikuwa amesimama mzee mmoja wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kalamu sikioni, anahesabu magunia kwa midomo. Kwangu picha ilikuwa yule mzee. Malori yalikuwa nyuma tu.

Nikaandika, "Jamani, hii ya zamani, nimeipiga mimi." Mjomba wangu akajibu, "Mjomba, usituletee siasa." Haya!

Marehemu baba alipiga harusi za Mikindani kwa filamu ya picha 36. Kila akibonyeza anahesabu hela, na nyuma ya kila picha anaandika tarehe kwa biki. Simu nayo inaandika tarehe, tena ndani ya faili la picha yenyewe, ila ukiituma picha kawaida kwa WhatsApp tarehe hiyo inafutika. Linabaki neno la aliyetuma. Na karibu na uchaguzi watumaji huwa hawakosi neno.

Nimeiweka hapa nzima, na mzee wake. Itazameni, halafu mniambie kama kalamu mmeiona.