Kifurushi changu cha kwanza katika hazina ya Debian

Wanafunzi ninaowafundisha kompyuta hapa Kadutu, Bukavu, walikuwa wakipeana kwa flashi programu huria ya kujifunzia msamiati, kila mmoja na toleo lake. Niliamua kuifungasha kwa ajili ya Debian, mfumo huria wa uendeshaji wa kompyuta, ili waipate kwa amri moja ya apt, zana yake ya kusakinisha programu.

Saraka ya debian, yaani folda ya maelekezo ya kufungasha, haikunichukua muda. Faili ya control hutaja programu zinazohitajika, changelog hutaja toleo, na rules yangu, yenye hatua za kujenga kifurushi, ilitosha mistari mitatu. Kifurushi kikajengeka mara ya kwanza, nikafurahi mapema mno, kwa maana nilipokijenga upya kwa sbuild, ambayo huanzia kwenye mfumo usio na kitu zaidi ya vile vya msingi, kazi ilikatika: maktaba mbili za programu zilizokaa kwenye mashine yangu tangu zamani sikuwa nimezitaja katika Build-Depends, orodha ya vinavyohitajika wakati wa kujenga. Kwa kuwa mega za intaneti huku ni ghali, nilisakinisha apt-cacher-ng ili vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa visipakuliwe tena kila ninapojaribu.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa faili ya copyright, inayotaja wenye hakimiliki na leseni. Debian ina miongozo ya programu huria tangu 1997, na hazina yake kuu haipokei kitu ambacho chanzo chake hakipo au leseni yake haijulikani. Nilifungua faili moja baada ya nyingine, na katika saraka ya kurasa za msaada nikakuta jQuery, maktaba ya JavaScript ya kurasa za wavuti, iliyobanwa: herufi zilizosongamana katika mistari mirefu isiyosomeka, bila chanzo chake. Niliiondoa, nikaziunganisha kurasa hizo na libjs-jquery, kifurushi cha jQuery ambacho tayari kimo Debian. Nakiri kwamba hatua hii inachosha, lakini ndiyo inayompa mtumiaji haki ya kusoma na kurekebisha alichosakinisha, nami naiona ya thamani kuliko nyingine zote.

Kwa kuwa mimi si mwanachama wa Debian, nilihitaji mdhamini wa kukipakia kifurushi. Alinirudishia mara mbili, akidai maelezo yaliyo wazi zaidi, kisha tukasubiri wakaguzi wa foleni ya vifurushi vipya. Kilipokubaliwa kiliingia unstable, tawi la Debian linalopokea vifurushi kwanza, na baadaye testing, tawi linaloandaliwa kuwa toleo lijalo.

Kwenye kompyuta ya darasa yenye testing, mwanafunzi mmoja aliandika amri ile, akangoja kidogo, akanigeukia: “Mwalimu, ni hiyo tu?”