Kabla ya bandama, mpime mtoto urefu

Karatasi nyingi za kuomba kipimo zinazofika mezani kwangu zimeandikwa umri tu: "Miaka 6, bandama kubwa?" Urefu hakuna, uzito hakuna. Nafanya altrasaundi hapa Mwanza, na jambo hili linaniuma, kwa sababu viungo vya ndani vya mtoto hufuata zaidi kimo chake kuliko idadi ya miaka yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliowapima watoto 307 wenye afya nchini Uturuki, ulionyesha hivyo kwa ini, figo na bandama.

Hivi karibuni aliletwa mvulana wa miaka 6. "Shikamoo, daktari." Marahaba. Mama yake alikwishaambiwa kwamba bandama imevimba. Nilimlaza ubavu wa kulia, mkono wa kushoto juu ya kichwa, nikapasha jeli kidogo viganjani. Ikigusa ngozi ikiwa ya baridi mtoto hulia, na anayelia hatulii. Nikamwambia avute pumzi kama anayetaka kupuliza puto. Bandama ikashuka kutoka nyuma ya mbavu, nikatafuta pale mishipa inapoingilia, nikapima ncha hadi ncha: sentimita 9.8. Jedwali la Kimarekani la mwaka 1991, ambalo wengi wetu tunalitumia, linaweka kikomo cha 9.5 kwa umri huo, na 10 kwa miaka 8. Nikamsimamisha ukutani: kimo chake ni cha mtoto wa miaka 8. Damu haikuonyesha kitu, anakula, anacheza. Nikamwambia mama kwamba kwa kimo hicho bandama ni ya kawaida. Alishusha pumzi, akauliza tena ili ahakikishe. Nikamjibu tena.

Sisemi bandama kubwa zipuuzwe. Kanda ya Ziwa tuna malaria inayojirudia, kichocho cha tumbo na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), na zote hizo huikuza. Selimundu ina ugumu wake: bandama huvimba utotoni, kisha husinyaa taratibu mpaka wakati mwingine hata haionekani. Kwa hiyo mtoto wa miaka 10 mwenye ugonjwa huo anaweza kupata kipimo "kinacholingana na jedwali" na bado bandama yake isiwe inafanya kazi.

Wataalamu wa kichocho walilitambua suala la kimo zamani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotokana na mkutano wa Niamey, Niger, mwaka 1996, unataka vipimo vya ini na vya mshipa mkubwa unaoingia humo vilinganishwe na kimo cha mtu, kwa viwango vilivyotokana na watu wenye afya wa Senegal.

Natamani tuwe na jedwali la watoto wa huku. Kazi ngumu haitakuwa kupima. Itakuwa kumpata mtoto wa kuhesabiwa mzima: lazima kwanza apimwe malaria, choo na mkojo kwa ajili ya kichocho, na selimundu. Akiingizwa bila hivyo, bandama iliyovimba kwa malaria itaandikwa kuwa ya kawaida, na jedwali zima litapanda.