Mavoko: kabla ya kumwaga zege

Upande wa Mavoko, Kaunti ya Machakos inajengeka upesi: viwanda vya saruji Athi River, eneo la EPZ (viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje), kituo cha reli Syokimau, na tangu 2022 barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Nafurahi sana kuona hivyo. Ila ndugu zangu mnaonunua ploti, uogopeni udongo mweusi. Mvua ikinyesha huvimba, kiangazi husinyaa na kupasuka. Ukijenga juu yake, kuta hupata nyufa kwenye kona za madirisha na sakafu huinuka. Uondoeni wote mpaka mfike kwenye mwamba au udongo mgumu, ndipo mjaze maramu (udongo wa changarawe) kwa matabaka ya sentimita 15 hivi, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa. Mkijaza kwa mkupuo mmoja, juu patakuwa pagumu, chini palegevu, na sakafu itatitia. Ule udongo uliochimbwa msiurudishe kando ya msingi, jamani! Maji ya paa nayo yaelekezwe mbali. Halafu ulizeni bomba la majitaka linapita wapi kabla ya kulipa, kwa sababu bila bomba hilo, lori la kunyonya shimo la choo ni gharama isiyoisha.