Mwaka wa pili na chensoo ya laki mbili na themanini

Nina chensoo, yaani msumeno wa injini wa kukatia miti, ya Kichina, injini ya cc 58, nilinunua Mafinga kwa laki mbili na themanini, na huu ni mwaka wa pili naitumia shambani kwetu huku Mufindi. Watu wananiuliza sana inbox, kaka ile mashine inafaa au nijikusanye ninunue Stihl ya Kijerumani, na jibu lenyewe haliishi kwenye meseji moja ndo maana nimekaa niandike.

Mzee alituachia milingoti kama eka mbili hivi na misindano michache. Si biashara, ni kuni, ni nguzo za banda, na ada zikibana tunaangusha mitatu minne tunauza. Zamani nilikuwa naita vijana wa chensoo, wanataka hela ya siku nzima hata kama kazi ni ya masaa mawili, na msimu wa mbao ukichanganya huwapati, mti umelalia uzio wiki mbili na ng'ombe wanatoka. Mashine ya Kijerumani au ya Kiswidi ile original inapita milioni, na mimi nakata miti kama kumi na tano kwa mwaka, hiyo hela itarudi lini? Nikachukua ya Kichina.

Miezi miwili ya kwanza niliichukia kwa kweli. Inafika nusu ya gogo inaanza kufuka moshi, naikandamiza mpaka mikono inatetemeka, gogo linaungua halikatiki. Nikaibeba mpaka kwa mzee mmoja jirani yetu aliyepasua mbao ujana wake wote, nikamwamkia, nikamwambia baba hii mashine haina nguvu. Wala hakuiwasha. Alipitisha kucha kwenye jino la cheni akasema, "Mwanangu, haijakosa nguvu, imekosa makali." Akaniuliza ikikata inamwaga nini chini, nikamwambia unga. Akasema ikimwaga unga, izime ukanoe, cheni yenye makali inamwaga vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole.

Shida kumbe ni cheni inayokuja na mashine, chuma chake ni laini, ukigusa mchanga mara moja tu makali yameondoka. Nunua cheni nzuri pembeni, hapo usibane hela. Soma namba kwenye ile baa, chuma kirefu ambacho cheni inazungukia, yangu ni inchi 20, pichi (nafasi ya viungo vya cheni) .325, geji (unene wa vijino vinavyoingia kwenye mfereji wa baa) .058, na vijino hivyo vya chini ni 76, ukikosea hata namba moja haiingii. Nunua na tupa ya kunolea, ya mviringo, ya milimita 4.8. Unasukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, hurudishi tupa ikiwa imegusa, mara tatu kila jino na idadi iwe ile ile pande zote, maana upande mmoja ukiwa mkali kuliko mwingine mkato unapinda kama mundu. Mimi sasa nanoa kila nikimaliza tenki la pili. Cheni mpya nayo inalegea haraka siku ya kwanza, legeza nati mbili, inua ncha ya baa kwa mkono, ndo ukaze skrubu ya kuvutia cheni. Watu wanaikaza baa ikiwa imening'inia halafu wanashangaa cheni inatoka.

Kitu cha pili ni oili ya cheni. Baa yangu ya kwanza iliungua ikawa ya bluu kwa sababu kitundu cha oili kilikuwa kimezibwa na vumbi la mbao na mimi naona tenki limejaa naamini oili inafika. Sasa kabla ya kukata naelekeza ncha kwenye kisiki cheupe, naikanyagia moto kidogo cheni izunguke, lazima nione mstari wa oili umechoreka pale. Usipouona usikate. Na oili chafu ya gari siweki, ina chembe za chuma, inakula baa na inamwagika kwenye udongo wetu wenyewe.

Petroli, fuata kitabu chake, changu kinasema 25 kwa 1, yaani lita moja kwa mililita 40 za oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli. Pima, usikadirie kwa macho. Huku kwetu tuko juu sana, hewa ni nyepesi, mashine ikawa inakunywa mafuta mengi na plagi nyeusi tii, fundi wa pikipiki akapunguza kidogo ile skrubu ya H kwenye kabureta, inayopima petroli mashine ikiwa kwenye mwendo mkubwa, ikatulia. Kidogo tu, ukibana sana pistoni inaungua.

Sasa hili naomba mnisikilize. Kila asubuhi jaribu breki: cheni inazunguka, sukuma ile ngao ya mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto, isimame hapo hapo. Siku moja yangu haikusimama. Nikafungua nikakuta vumbi limechanganyika na oili limejaa kwenye mkanda wa breki. Na ile robo ya juu ya ncha ikigusa gogo jingine mashine inarushwa kuja usoni kwako, huna muda hata wa kufumba macho. Kofia ngumu, miwani, buti, dole gumba lizunguke mpini. Usikate peke yako.

Kwa hiyo ukiniuliza, kama unapasua mbao kila siku usiinunue, itakuangusha. Kama una miti michache kama mimi inunue, ila tenga hela ya cheni mbili, tupa na kofia siku hiyo hiyo, na pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya uulizie usajili na kibali kabla hujawasha kitu.

Jumamosi nina milingoti mitatu nyuma ya jiko la mama, mmoja umeegemea bati. Huo nimemuomba yule mzee aje asimame pembeni anielekeze unaangukia wapi, nimeshanoa cheni zote mbili.